Upande wa Ndani wa Bomba

Kila Jumamosi asubuhi Kasuku alifungua milango ya karakana ya kuchomelea ya shangazi yake, akafagia, kisha akafuta mabomba kwa kitambaa kilicholowa spiriti. Alikuwa na jina zuri la nyanya yake, lakini watu waliliweka kando walipogundua kwamba mdomo wake haujui likizo.

"Vaa glavu, Kasuku," shangazi alimwonya. "Mafuta ya kidole kimoja yanaharibu mshono. Na mdomo nao uvalishe chochote."

Mafundi wengine wa mtaa ule walichomelea mageti na madirisha. Chuma chembamba kisichoshika kutu walikikimbia, maana ukizubaa kidogo tu kinatoboka kama karatasi juu ya mshumaa. Kazi hizo zote zilimfuata shangazi. Siku hiyo alikuwa na bomba la kituo cha maziwa. La zamani lilikuwa limepasuka, na bila jipya maziwa ya jioni yasingeingia kwenye tangi la kupozea. Yangemwagwa.

Kasuku alisimamia gesi. Chuma hicho kikiwa cha moto hakitaki kuguswa na hewa, nje wala ndani. Nje, gesi ilitoka kwenye kishikio cha kuchomelea. Ndani ya bomba ilipelekwa kwa mpira mwembamba. Kasuku alihakikisha inapita, akasema, "Twende!" Ndipo shangazi alipoteremsha ngao ya uso na kuwasha moto.

Viungo viwili vilikwenda vizuri. Kilipofika cha mwisho, rafiki wa Kasuku akachungulia dirishani.

"We! Unajua nani kaanguka kwenye mbio jana?"

Kasuku angewezaje kunyamaza? Alivuta stuli, akaugeuzia mwanga mgongo, na porojo zikaanza. Moto ulipozimika, aligeuka akaona mguu wa stuli umeubana mpira wa gesi. Aliisogeza stuli upesi. Hakuna aliyemwona.

"Kagua ndani," shangazi alisema huku akijifuta jasho.

Kwa nje mshono uling'aa, umejipanga kama magamba ya samaki. Kasuku aliingiza tochi na kioo kidogo. Kiungo cha kwanza kilikuwa cheupe, cha pili vilevile. Cha tatu kilikuwa cheusi, kimevimba na kukwaruza kama sukari iliyoungua chini ya sufuria.

"Vipi?"

"Safi."

Shangazi alimtazama. Kwa kawaida Kasuku hujibu kwa hotuba. Lakini honi ililia mlangoni, na msimamizi wa kituo akaingia mbio.

"Fundi, wafugaji wameshapanga madumu! Nikichelewa watanichoma mimi badala ya bomba." Akapapasa mshono. "Lo! Huu mshono au kipuli? Jumatatu watoto wa chekechea watakunywa maziwa kwa kazi ya mikono yako, dada yangu."

Kasuku alizima tochi. Shangazi alikwisha kumweleza: maziwa hujificha kwenye mikwaruzo ya ndani, hakuna brashi inayofika huko, yanaoza, kisha yanatia sumu maziwa yote mapya yanayopita. Watoto wangeharisha. Na nani angejua habari za stuli? Hakuna. Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Bomba lilifungwa juu ya pikapu. Injini ikanguruma.

"Msiondoke!" Kasuku alishika ubavu wa gari. "Shangazi, nimekudanganya. Kiungo cha mwisho kimeungua ndani. Stuli yangu ilibana mpira. Niliona, nikasema safi."

"Huyu mtoto vipi?" msimamizi alifoka. "Nje kunang'aa kama mwezi! Fundi, niache niende. Nani atatazama ndani?"

"Maziwa," shangazi alijibu. "Yenyewe yanapita huko. Lishushe."

Alikata kiungo chote kwa msumeno. Bomba sasa lilikuwa fupi, ikabidi aongeze kipande, na kazi ya mshono mmoja ikawa ya miwili. Msimamizi alizunguka na simu sikioni: "Nakuja, jamani, nakuja!" Kasuku aliketi sakafuni, mpira mkononi, shavu karibu na mwisho wa bomba.

"Tayari?" shangazi aliuliza.

"Bado."

"Bado nini?" msimamizi alidakia.

"Hewa haijatoka yote." Kasuku alisubiri. "Haya, twende."

Rafiki yake alirudi dirishani, akapiga mluzi, akaita. Kasuku hakugeuka. Hakufunga gesi mpaka chuma kilipopoa. Safari hii shangazi alikagua mwenyewe, kisha akampa msimamizi kioo. Yule bwana alitazama kwa muda.

"Kumbe!" alisema kwa sauti ya chini. "Mimi hununua mabomba kwa kuangalia nje tu."

Jua lilipokaribia kuzama msimamizi alipiga simu kutoka kituoni. Wafugaji walinuna, lakini hakuna dumu lililomwagwa.

"Utanifukuza?" Kasuku aliuliza.

"Kwa kubana mpira? Hata mimi nimewahi kuukanyaga," shangazi alisema. "Kosa la mkono tunalikata, tunachomelea upya. Lakini lile neno 'safi' lingefika kwenye matumbo ya watoto, na huko msumeno wangu haufiki. Ukikosea, sema kabla gari halijaondoka. Leo umesema, umeokoa wengi."

"Kwa hiyo Jumamosi nitakagua tena?"

"Utakagua. Nami nitakagua nyuma yako. Siku nitakayoacha, utajua nimeanza tena kuliamini neno lako."

Kasuku alifungua mdomo aongeze jambo, akaufunga.