Nani Ameacha Maziwa Jikoni

Kinusishi kilikuwa kidude cha ukubwa wa kifungo cha koti, kimebandikwa ukutani, na asubuhi ile kilitoa harufu ya mvua ya kwanza juu ya vumbi. Mtu fulani huko Korogwe alikuwa ameinasa na kuirusha kwenye Mnuso, mtandao mpya wa harufu, na sasa wanachama wake wote elfu nne walikuwa wakiivuta puani, kila mmoja kwake.

Mashavu Shekilindi alifumba macho. Alikuwa mkuu wa masoko wa Chai Shangazi jijini Tanga, na binadamu wa mwisho katika idara hiyo. Wenzake wote walishampisha Mtabiri, akili mnemba iliyopima kila tangazo kabla halijatoka. Kwa miaka kumi na mmoja Mtabiri hakukosea, na kwa miaka hiyo yote hakuna tangazo lao lililomchekesha mtu wala kumliza.

"Mnuso hauna takwimu," Mtabiri alisema kwa upole. "Siwezi kushauri kama tutangaze chai yetu huko."

"Umesikia mwenyewe, dada Mashavu," alisema mkurugenzi, Hemedi Kaoneka. "Tungoje ukue kwanza."

"Ukikua, bosi, tutakuwa tunapigizana kelele na kila mtu. Sasa hivi ni wachache, bado wanasalimiana. Mgeni akibisha hodi wanamkaribisha."

"Na tukiaibika?"

"Nitampisha Mtabiri kiti changu."

Neno hilo la aibu lilimrudisha mbali. Akiwa na miaka ishirini na minne alitaka kupeleka tangazo la sabuni kwenye kijimtandao cha sauti ambacho wasusi walitumiana umbea. Ofisi nzima ilimcheka. Bosi wake, Mama Tabu, alimaliza kumenya chungwa lake kwanza. "Peleka, mwanangu," akasema. "Tukiaibika, tutaaibika wawili." Mashavu aliikumbuka siku hiyo kwa uchungu mtamu, maana hakuna aliyewahi kumwambia vile tena.

Aliazima jiko la mkaa kutoka makumbusho, akaliwasha kwenye ua wa ofisi, akabandika maziwa na majani ya chai, kinasa harufu pembeni. Hemedi akashuka kuuliza maswali yake yale yale. Wakiwa katikati ya ubishi maziwa yakaumuka, yakafurika na kuungulia kwenye makaa.

"Nimeondoa harufu ya kuungua," Mtabiri alisema baadaye. "Hii safi ndiyo inayofaa."

Mashavu aliinusa ile safi. Ilikuwa chai, ndiyo, lakini chai isiyo na mwenyewe. Akanusa ile chafu, akamwona mama yake, kule Soni, akimsuka nywele huku anasimulia, na sufuria imesahaulika. Akairusha ile chafu.

Kufikia adhuhuri walioagiza chai walikuwa kumi na saba tu. Ila jumbe zilikuwa zimefika mia tisa, na karibu zote ziliuliza jambo moja: nani ameacha maziwa jikoni? Mzee mmoja wa Pangani aliandika kwamba alikurupuka kitini akakimbilia jikoni, huku akimwita mkewe kwa jina. Alikuta mashine ya kupikia, safi na kimya. Mkewe alikuwa amefariki miaka tisa iliyopita.

Hemedi alisoma, akasoma tena, akavua miwani.

"Mashine za kupikia hazijaunguza maziwa kwa miaka ishirini na sita," Mtabiri alisema. "Hii ni kasoro. Sielewi kwa nini wanaitaka."

"Huwezi kuelewa," Hemedi alimjibu, kisha akamgeukia Mashavu. "Kalia kiti chako, dada. Kesho rusha nyingine."

Jioni Mashavu alifika kwake, akaiamuru mashine yake ichemshe maziwa kwa moto mkali. Yalipopanda hadi ukingoni, mashine ikapunguza moto. Akaiamuru tena, na tena ikapunguza. Mara ya tatu ikamuuliza kwa adabu kama kuna tatizo. Mashavu alisimama pale na kitambaa cha kuepulia mkononi, akisubiri, na hapakuwa na cha kuepua.