Leo Hainuki

Jumatano, tarehe kumi na tatu Machi, saa nne na dakika kumi asubuhi, feni ya maabara ya maji ilikata roho. Ndiyo iliyokuwa ikivuta hewa mbaya na kuitupa nje. Dakika hiyohiyo, kwenye foleni ya mapokezi, fundi bomba mmoja alisukumwa mgongoni. Maji ya kisima aliyoyaleta yapimwe yakamwagikia koti jeupe la mkemia aliyekuwa akipita.

"Umeniogesha, kaka."

"Samahani, dada. Na koti lenyewe lilivyonyooka!"

"Acha kusifia koti. Kalete maji mengine."

Mkemia akacheka, mwanya ukaonekana. Fundi akaondoka na ule mwanya kichwani. Kesho yake alileta chupa nyingine, jioni akapiga simu.

"Maji yangu yameiva?"

"Bado natenga madini yake. Nikitia asidi, risasi ikiwemo inaganda, nyeupe kama unga. Nikiimwagia maji ya moto, inayeyuka tena."

"Basi risasi ni mimi. Nikikuona tu, nayeyuka."

"Mwone! Risasi ni sumu, mpenzi."

Neno lilimponyoka. Hakulirudisha.

Madini mengine, kama shaba, yalitengwa kwa kupitishiwa gesi inayonuka mayai viza. Bila feni, gesi ilibaki humohumo chumbani. Mkemia akaandika barua tatu. Mkuu wake akajibu moja: "Vumilia. Fungua dirisha." Aliye ghorofani hanusi, ndivyo walivyo wakubwa wote.

Mwezi Juni binti akaacha kupokea simu. Siku nne nzima. Fundi akavimba kwa wivu, akamvizia getini.

"Umepata mwenye koti mwenzako, siyo?"

"Nimepata kichwa kinachopasuka. Tena nanuka mayai mpaka kwenye nywele. Nikaona haya kukukaribia."

"Mimi nazibua vyoo, laazizi! Nani amwonee haya mwenzake?"

Wakacheka hadi mlinzi akageuka.

"Nije kwa baba yako?"

"Njoo. Ila uoge kwanza."

Jumatatu iliyofuata, saa sita mchana, binti alipiga simu, sauti imejaa furaha.

"Mume mtarajiwa, leo hainuki! Hata chembe. Nadhani wametengeneza feni kimyakimya."

"Afadhali! Utawahi kutoka?"

"Namalizia mirija hii michache, nakuja."

Hakuna aliyegusa feni. Gesi ile ikizidi, huua pua kwanza: mtu hanusi tena, anadhani hewa imetakata. Walimkuta sakafuni. Mezani mashapo meusi ya shaba yalikuwa bado yanatulia mrijani.

Ripoti ikatoka na mhuri: "Uzembe wa marehemu. Alipaswa kutoka aliposikia harufu."

Fundi aliishia darasa la tano. Aliisoma mara mbili, kidole kikifuata mstari, kisha akapanda kwa mkuu. Nje ya mlango walikaa wasichana wawili na vyeti mapajani, wakingoja usaili wa nafasi iliyo wazi. Akausukuma mlango, akauacha wazi ili nao wasikie.

"Mkuu, hawa mmeshawaambia kwamba siku wasiposikia harufu ndiyo siku ya kukimbia?"