Mashine Iliyokuja na Mwenyewe

Nilirudi ofisini Maskati kabla ya magharibi kwa kazi ndogo tu. Faili moja. Niliingize, niondoke, niwahi nyumbani Sib.

Faili lenyewe lilikuwa kompyuta nzima. Mwaka elfu mbili na tisa ndivyo tulivyokuwa tukizihamisha zile kompyuta kongwe za ofisi: unaifunga kompyuta na vyote vilivyomo ndani ya faili, kisha kwenye seva mpya unaandika amri, seva inaimeza. Inaamka kompyuta ile ile, ila haina tena mwili. Kwenye amri kuna pahala pa kuipa jina. Ukipaacha patupu, inakuja na jina lake yenyewe.

Mimi mvivu wa kuandika. Nikapaacha patupu.

Simu ikalia. Khaloo Kheiria, mdogo wake mama.

"Afra," akanong'ona, "mama'ko bado hali wala hasemi. Fundi wa pepo yuko hapa. Anasema Kibuki keshachoka na kiti kizee, mwili wa mama'ko, anakutaka wewe. Sema ndiyo, mwanangu. Kwa mdomo tu, mama'ko apate kupumua."

Uso ukaniwaka. Fahd, mwenzangu wa kazi, alikuwa kaketi meza ya pili, na Kiswahili anakijua vizuri, wazee wake wametoka bara. Angesemaje? Mamangu, Bi Mahfoudha, asiyekosa sala wala funga, ana pepo kutoka Bukini, kisiwani Madagaska! Akimpanda anaomba brandi na asali, kwa sauti ya mwanamme, na mimi tangu mdogo kazi yangu kufunga madirisha majirani wasisikie. Nimesoma mpaka macho yamenitoka, halafu nirithishwe pepo? Aibu gani hii, jamani.

"Akatafute kwengine," nikasema chini chini, kwa hasira. "Popote. Kwangu hapana."

Nikakata simu. Nikabonyeza enta.

Feni za seva zikavuma... zikavuma... kisha zote kwa pamoja zikanyamaza.

Halafu ikaja harufu.

Asali.

Na brandi.

"Umemwaga nini, Afra?" Fahd akauliza.

Kwenye kioo cheusi ulikuwa umetokea mstari mmoja. Mashine imeingia. Imewaka. Jina: MAHFOUDHA.

Fahd akaja kusimama nyuma yangu. "Mahfoudha ndiye nani?"

"Sijui," nikasema. "Simjui."

Simu tena. Khaloo analia kwa furaha. "Kaamka! Kaomba chai ya maziwa! Umekubali, ee?"

Nikamwambia nakuja.

Nyumbani nilimkuta mama kaketi kitandani, nywele kachanwa, anakula mkate wa kumimina. Nikainama nimbusu mkono. Akauvuta.

"Nilikuwa pahala pana baridi," akasema taratibu. "Vitaa vidogo vidogo vya kijani. Kuna kijana akauliza mie ni nani. Nawe ulikuwapo, Afra. Ukasema hunijui."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikatoka nikaenda kukaa jikoni, nikalia peke yangu.

Asubuhi nilipoingia ofisini, Fahd alikuwa keshalichunguza faili. "Humu ndani jina ni namba tupu," akasema. "Hili la Mahfoudha sijui limetoka wapi. Meneja anataka tuifute tuingize upya." Amri ya kufuta alikuwa keshaiandika. Kilichobaki ni kidole chake tu.

Ikifutwa, yule Kibuki aliyeingia humo atakwenda wapi? Nilijua. Atarudi kwenye kile kiti kizee, na mama atalala tena midomo imekauka, na safari hii huenda asiamke.

"Usifute."

"Kwa nini?"

Niliangalia waya sakafuni. Huko nyuma nimewahi kuanguka mtihani, nimewahi kuposwa nikaachwa, lakini aibu kama ile sijapata kuiona. "Mahfoudha ni mamangu," nikasema. "Ana Kibuki. Mie ndiye mwanawe."

Nikangoja acheke. Hakucheka. Machozi yakanitoka, lakini kifua, wallahi, kikawa chepesi kwa mara ya kwanza tangu nijijue.

"Haya, basi tumuache bibi wa watu," Fahd akasema kwa upole. Akaifuta ile amri. Akaandika nyengine, seva itutajie mashine zote zilizomo, tuhakikishe ya mama iko salama.

Akakisogelea kioo.

Ile harufu ikaja tena, safari hii karibu, kama imo kwenye pumzi yangu.

"Afra," akanong'ona. "Jana si tuliingiza moja tu?"

Nikainua uso.

MAHFOUDHA, imewaka.

Chini yake palikuwa na mstari wa pili.

AFRA.

Hiyo bado haijawashwa.