Mlango Usiochezeshwa

Ubao wa Uhai ulichukua ukuta mzima wa Nyumba ya Mioyo: taa elfu nne za kijani, kila taa ni mtu mmoja anayetembea mahali fulani Morogoro akiwa na msukumadamu kifuani. Kifaa chenyewe ni kidogo kama ndimu, na hakidundi. Kinazunguka tu bila kupumzika, kikinyonya damu moyoni na kuimwaga kwenye mshipa mkuu. Aliye nacho, ukimshika mkono, huyasikii mapigo.

Hilo Prosper Mkude alilijua vizuri. Miaka mitatu alilala na mvumo kama wa nyuki ubavuni, ukitoka kifuani mwa mkewe, Veneranda. Taa ya Veneranda ilizimika mwaka juzi. "Moyo wenyewe ulichoka, mzee," wakubwa walimwambia, wakampa barua na maua ya plastiki.

Leo wamemwita aje kuona kifaa kipya, na atoe neno la shukrani kwa niaba ya wafiwa.

Mhandisi Ngaiza, msichana mwenye sauti ya mwalimu, alining'iniza picha ya moyo hewani.

"Huu ni mlango wa kutokea damu," alisema. "Msukumadamu wa zamani ukifanya kazi yote, damu haipiti tena hapa, na mlango haufunguki. Vipande vyake vinagandana, vinasinyaa, mwisho vinavuja. Damu iliyosukumwa inarudi moyoni palepale, mwili unabaki na njaa. Hiki kipya kinapunguza kasi kwa sekunde chache kila dakika, mlango upate kufunguka."

Watu wakapiga makofi. Prosper mikono yake ilibaki mapajani.

Yeye ni darasa la saba, fundi wa koki kubwa za bwawani. Kila Ijumaa, miaka thelathini, alizima pampu akazungusha koki moja moja, hata zisizotumika, maana koki isiyochezeshwa hukamata, isifunguke tena. Siku Veneranda anawekewa kifaa, alimuuliza mkurugenzi, Daktari Lyakurwa, "Na huo mlango wa moyo, nani atauchezesha?"

"Mzee, hili si bomba!" daktari alimjibu. Wauguzi walicheka mpaka Veneranda naye akamfinya: "Usije ukaomba spana hapa, baba."

Sasa Prosper alinyanyuka.

"Binti yangu, hili la kupunguza kasi mmelijua lini?"

Ngaiza akamtazama mkurugenzi, kisha akainamisha macho. "Tangu mwanzo, mzee wangu. Hata vile vya zamani vinaweza. Walikataza."

"Kwa nini?"

"Kasi ikishuka, taa inageuka njano. Wakubwa hawakutaka wageni waone njano ubaoni."

"Mzee Mkude," Lyakurwa alidakia, "tulikubaliana shukrani."

"Nazitoa. Kila Ijumaa nikizima pampu, Kihonda nzima ilikosa maji nusu saa. Walinitukana mimi na mama yangu mzazi. Nikatukanwa miaka thelathini, na koki zangu mpaka leo zinafunguka. Nyinyi mliogopa rangi."

Akausogelea ubao. Safu ya saba, ya tatu kutoka kushoto, palipokuwa pa Veneranda, iliwaka taa ya mtu mwingine, kijani tupu.

"Huyu nani?"

"Mama mmoja wa Mzinga," Ngaiza alisema. "Kifaa cha zamani."

"Mpunguzie."

"Ngaiza, usithubutu!" Lyakurwa alifoka.

Msichana alisimama kidogo, mkono juu ya meza ya mitambo. Kisha akabonyeza.

Katikati ya kijani chote kile, taa moja ikageuka njano. Prosper aliweka kiganja juu yake, akakiacha hapo.