Mashine Ilipozima

Guerda alikuwa kwenye foleni ya duka la mikate la Wahaiti mjini Brockton, Marekani, akisubiri pate za nyama, vile vimkate vinavyofanana na sambusa, alipogongana na Yvrose, anayefanya kazi na Wilner, mpenzi wa Guerda, katika nyumba ya wazee.

"Mbona peke yako? Mwenzio yuko wapi?"

"Si yuko kazini?"

"Kazini wapi, shoga? Wilner leo kaomba ruhusa. Nimemwona akiingia lile jengo la vioo nyuma ya stendi. Shati jeupe, viatu vinang'aa, ananukia mpaka barabarani!"

Guerda akatoa simu. Asubuhi ileile Wilner alimpigia akasema, "Mpenzi, leo nina zamu ndefu, usinitafute." Akampigia, simu imezimwa. Akapiga tena, imezimwa. Akatoka dukani bila pate.

Njiani yote yakamrudia. Miezi mitatu walikuwa wakikaa jikoni kwa mama yake na kadi za majina ya dawa, wakijiandaa kwa mtihani wa leseni ya uuguzi. Wiki mbili sasa Wilner haji, kila siku na kisingizio kipya. Huyo ana kitabu kingine anachokisoma, Guerda akajiambia, na hasira ikampanda.

Alijibanza kando ya mlango wa jengo, na koti lake la njano ambalo halimfichi mtu. Saa sita kasoro Wilner akatoka. Hakuwa peke yake. Mwanamke mwenye suka ndefu alikuwa akilia begani kwake, naye anampapasa mgongo!

"Zamu ndefu kweli!" Guerda akafoka. "Haya, chagua jibu moja: mpenzi au mwongo?"

"Guerda! Sivyo unavyofikiri..."

"Dada," yule mwanamke akadakia akijifuta machozi, "mimi hata jina lake silijui. Mashine ya mtihani imenizimia kwenye swali la themanini na tano, na yeye hivyo hivyo. Sijui nimefaulu au nimeanguka!"

Guerda akaduwaa. Kila anayesomea mtihani ule anaijua namba hiyo: kompyuta ikizima hapo, ama umeiridhisha ama imekukatia tamaa, na haisemi lipi.

"Umefanya mtihani? Bila kuniambia mimi?"

"Mara ya kwanza nilipofeli, kanisa zima lilijua kabla sijafika nyumbani," Wilner akasema. "Na mama yako alisema hatoi binti yake kwa mbadilisha shuka. Niliona aibu, mpenzi. Keshokutwa majibu yakitoka, nikifaulu, nakuja na wazee wangu kukuposa."

"Na ukifeli?"

Wilner akatazama viatu vyake vinavyong'aa.

"Unaona? Basi niombe leo, kabla hujajua," Guerda akasema, machozi yanamlenga. "Ukisubiri majibu, kila siku nitajiuliza kama bila leseni ungekuja. Mimi sitaki kuishi nikikuchunguza."

Wilner akapiga goti kwenye lami yenye maji, na suruali yake iliyopigwa pasi. Yule dada mgeni akaanza kulia upya.

"Guerda, utakubali nikuoe, hata nikibaki mbadilisha shuka?"

"Nimekubali. Mama niachie mimi," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakuwa na swali.