Bawa la Kulia

Kila Jumamosi asubuhi Kiherehere alikuwa wa kwanza kuamka nyumbani kwao. Jina hilo alipewa na mama yake, naye hakulikasirikia, maana kweli hakuna jambo ambalo hakutaka kulitangulia. Mama yake alikuwa rubani wa ndege ndogo iliyopeleka dawa kwenye hospitali za mbali. Kazi ya Kiherehere ilikuwa kupanda ngazi, kutumbukiza kijiti cha kupimia ndani ya tangi la kila bawa, kisha kutaja kwa sauti alama iliyofikiwa na mafuta. Mama hakuiamini mishale ya ndani ya ndege inayoonyesha kiasi cha mafuta. Alisema huo ni urembo tu.

Raha hiyo ilitiwa doa siku binamu yake alipokuja kukaa nao. Alikuwa binti wa mjomba, mpole, msikivu, na kila kitu kwake kilikuwa "Shangazi, hiki ni nini? Shangazi, kile ni cha nini?" Mama alimjibu bila kuchoka. Kiherehere alisikiliza huku moyo ukimchoma. Mama ni wake, na ndege ni ya mama. Huyu mgeni alitoka wapi hata ajifanye mtoto wa nyumba?

Jumamosi moja mzigo ulikuwa mzito, kwa hiyo mama hakujaza matangi pomoni. Ndege ingelemewa. Aliagiza yatiwe mafuta ya kumfikisha ng'ambo ya milima, na akiba kidogo juu yake. Wakati wa kupakia dawa, ndege ilikuwa imevutwa kando ya uwanja wa saruji, na gurudumu la kushoto likawa limezama kwenye kishimo. Ilisimama upande, bawa la kushoto chini, la kulia juu.

"Isukumeni na wapakizi hadi kwenye saruji, kisha mpime," mama aliwaambia. "Wewe bawa la kushoto, mwenzako la kulia." Mara simu yake ikalia. Daktari alikuwa akiulizia dawa zake, naye mama akasogea pembeni kuzungumza.

Bawa la kulia kwa mgeni! Kiherehere alihisi kama amenyang'anywa tonge mdomoni. Hakumwita mpakizi yeyote. Aliegemeza ngazi kwenye bawa la kushoto hapo hapo kishimoni, akapima, akashuka na kijiti mkononi.

Binamu yake alinyoosha mkono akipokee. "Si tulitakiwa tuisukume kwanza? Mafuta yamekimbilia upande wa chini."

"Mwenyeji hapa ni nani?" Kiherehere alimkata kauli, akakificha kijiti, ndipo akawaita wapakizi wakaisukuma ndege hadi kwenye saruji. Mama aliporudi mbio mbio, alimtajia alama nzuri sana na kusema kulia nako ni hivyo hivyo. Mama alimpigapiga begani, akapanda, akaondoka.

Ndege ilipokuwa nukta tu angani, binamu, aliyekuwa ameogopa kumsema mwenyeji wake mbele ya mama, alimwambia polepole kwamba bawa la kulia halikupimwa. Kiherehere alimwonya asithubutu kufungua mdomo. Aliwaza jinsi mama atakavyosema mgeni ndiye mwenye akili, na wivu ukampanda upya. Akanuna, akakaa juu ya ngazi.

Binamu alianza kulia bila sauti. "Sitaki sifa mimi," alisema. "Nataka shangazi arudi."

Maneno hayo yalimwingia. Ghafla Kiherehere hakumwona tena mgeni. Alimwona mama yake juu ya milima, pasipo mahali pa kutua, akibadili tangi na kukuta halina kitu. Aliinuka akatimua mbio hadi chumba cha redio, akamweleza mwongoza ndege kila kitu huku akihema: kishimo, bawa lisilopimwa, na uongo wake.

Mwongoza ndege hakumgombeza. Alichukua kipaza sauti akaita. Redio ilikoroma tu. Akaita tena. Ndipo sauti ya mama ikasikika, tulivu, ikisema ameelewa na atatua kwenye kiwanja kidogo kabla ya milima, aongeze mafuta.

Mama alirudi jioni. Aliwaketisha wote wawili kwenye benchi la banda la ndege, akasema amepima mwenyewe kule alikotua, na mafuta yaliyotiwa yalikuwa pungufu ya aliyoagiza; yasingemvusha milima.

"Kosa la kwanza ni langu," alisema. "Rubani hupima mwenyewe, hata daktari apige simu mara ngapi. Sasa nieleze lako."

Kiherehere aliinamisha kichwa. "Nilimwonea wivu. Ulimpa bawa langu."

"Nilimpa moja, moja nikakuachia," mama alisema. "Sikukupunguzia mapenzi hata kidogo, mwanangu. Wivu unaumiza, hilo najua. Lakini usiache ukuambie uongo, kisha nawe uniambie mimi. Gari likiishiwa mafuta huegeshwa pembeni mwa barabara. Kule juu hakuna pembeni. Ukikosea, sema wakati bado niko chini."

"Na kama umeshaondoka?"

"Basi kimbia kama ulivyokimbia leo. Ndiyo maana nimerudi."

Kiherehere aliangua kilio. Akamgeukia binamu yake na kumwomba radhi, na safari hii pia hakutaka mtu mwingine amtangulie.