Ukuta wa Chumba cha Mama

"Nani kauvunja?"

Usi aliuliza hivyo mkoba wa kazi ukiwa bado begani. Alikuwa ametoka Paje, anakotengeneza viyoyozi vya mahoteli, na hakuwa amefika nyumbani Uroa kwa muda. Pale palipokuwa na ukuta wa chumba cha mama yake palikuwa na rundo la mawe. Juu ya rundo alikaa mama mwenyewe, Bi Sichana, akijifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Fundi, nakuuliza. Nani?"

Fundi Ubwa aliangalia miguu yake. Chokaa ilikuwa imemkaukia mpaka magotini.

"Mimi," alisema Kidawa, mkewe Usi. "Mimi ndiye niliyewaambia wauvunje."

"Kwa nini?"

"Haukuwa mzuri."

"Haukuwa mzuri vipi?"

Kidawa alimtazama mama mkwe wake. Akaitazama na ndoo iliyokuwa pembeni ya rundo, bado ina mchanga mweupe ndani. 

"Mkeo hanitaki," Bi Sichana alisema kwa kwikwi. "Si jengine. Angesema mapema nisingejisumbua."

"Kidawa, sema neno."

"Nshasema. Haukuwa mzuri."

"Nyumba nzima imesimama, ila chumba cha mama yangu ndicho kibaya? Haya. Kama mama hana nafasi humu, na weye huna. Nimekuacha, Kidawa. Talaka moja."

Fundi Ubwa aliweka mwiko chini taratibu, kama mtu anayeogopa kumuamsha mtoto. 

Nyumba ile ilizaliwa na joto. Walipooana walipanga chumba Mwanakwerekwe, karibu na kwao Kidawa, bati juu, dirisha moja. Usi alishinda akiwapozea wageni vyumba vyao, akirudi anamkuta mkewe anajipepea kwa mfuniko wa sufuria.

"Mie najua kiyoyozi kinavyokula umeme," alimwambia siku moja. "Ntakujengea nyumba isiyokitaka. Kuta nene za mawe na chokaa, madirisha yaelekee upepo, matundu ya hewa huko juu joto litokee. Kaskazi ikiwaka, utalala mchana umejifunika shuka."

"Muongo wee."

"Utajifunika, na utaniambia nikuletee jengine."

Kidawa alicheka siku ile mpaka akasahau joto. Kisha akasema, "Na mama tumjengee chumba kikavu, pumu impungue." Neno hilo alilisema yeye, si Usi.

Kwa kuwa Usi alikaa Paje, msimamizi akawa Kidawa. Alikagua mawe yakishushwa, akahakikisha chokaa imekaa shimoni mpaka imelainika, akazimwagia maji kuta mpya na kuzifunika magunia zisipasuke kwa jua. Mafundi walimzoea. Akiwaona wamechoka, huwapelekea chai ya tangawizi kabla hawajaomba.

Balaa liliingia kwa njia ya wema. Fundi Ubwa alikwenda msibani, Kidawa naye hayupo, vibarua wakabaki wanasubiri mchanga wa shamba. Bi Sichana akawaona wamekaa.

"Mnangoja nini, wanangu?"

"Mchanga, bibi."

"Mchanga si huo pwani, mlangoni petu? Mwanangu anaununua wa nini?"

Akachukua ndoo. Akateremka pwani, na pumu yake ile, akaupandisha mchanga kichwani, anapumzika njiani, anarudi tena. Nani angemwambia bibi wa watu aumwage? Waliuchanganya na chokaa wakajenga. Fundi aliporudi akamkuta Bi Sichana anaupapasa ukuta kwa furaha, naye akaona haya kumkatalia.

Ni Kidawa aliyeugusa ukuta adhuhuri moja akaukuta unatoka maji, ilhali kuta nyengine zimekauka. Akalamba kidole.

"Fundi, huu una chumvi."

"Una chumvi, Bi Kidawa. Mchanga wa pwani, kauleta mama."

"Utakauka?"

"Hautokauka maisha. Chumvi inavuta maji. Utaota ukungu, na mwenye pumu akilala humo..." Hakumaliza.

"Uvunje."

"Nimwambie nini mama?"

"Usimwambie kitu. Kaubeba kwa kichwa chake mwenyewe, fundi. Akijua ameharibu, hatoinua uso mbele ya mwanawe. Niapie hutosema. Mwambie na hao vibarua."

Fundi akaapa. Ndipo Usi akaja, na yakawa yale.

Mke wa talaka moja hukaa eda katika nyumba ya mumewe, na mume anaweza kumrejea kwa neno moja tu. Mlango huo uko wazi mpaka mke aione hedhi ya tatu. Akishaiona, mlango umefungwa, na mume akimtaka itabidi aoe upya, kama mgeni.

Kidawa alikaa eda katika chumba kimoja kilichokwisha kupauliwa. Usi alirudi Paje. Kazi ya nyumba ilisimama, isipokuwa kuta zilizobaki, ambazo Kidawa aliendelea kuzimwagia maji.

Bi Sichana, katika kibanda chake cha makuti uani, hakumsemesha. Lakini kila asubuhi palikuwa na bakuli la uji juu ya baraza, limefunikwa kawa, pilipili manga imetiwa kama Kidawa anavyopenda. Kidawa aliliosha akalirudisha, na siku ambayo dawa ya kuvuta ya pumu ilikuwa inakwisha, aliweka mpya ndani ya bakuli. Wanawake wawili hawasemeshani, na kila mmoja anamlinda mwenzake.

Fundi Ubwa alipita kumjulia hali, akasimama nje ya mlango.

"Bi Kidawa, nifungue kiapo. Nimwambie Bwana Usi maneno mawili tu."

"Akijua talaka imetoka kwenye ndoo ya mama yake, yule mama ataishi vipi?"

"Na weye utaishi vipi?"

Kidawa alianza kulifuta bakuli la uji.

"Amenijua miaka yote hii, fundi. Anajua kama mie naweza kumchukia mama yake au siwezi. Kama hajui, ukuta si kitu."

Alisema hivyo, lakini jioni alikaa kizingitini na simu mkononi. Akaandika ujumbe, akaufuta, akauandika tena:

"Usi, nimo katika twahara ya tatu. Nikiziona siku zangu tu, eda imekwisha. Nakwambia usije ukasema hukujua."

Jawabu lilikuja upesi.

"Sawa."

Neno hilo moja. Kidawa aliliangalia mpaka kioo cha simu kikazimika. Tangu hapo kila akiamka hujiuliza, ni leo? Kila maumivu madogo ya kiuno yalimtia baridi. Alisali, akairefusha sijda yake, akiomba mwili wake uchelewe.

Kule Paje, Usi naye hakuwa salama. Aliandika "Nimekumiss" akafuta. Aliandika "Niambie kwa nini" akafuta. Wenzake walimkuta amekaa mbele ya kiyoyozi alichokifungua, bisibisi mkononi, hafanyi kitu. Msabah, anayefanya naye kazi, alimwambia, "Ndugu yangu, nenda kwako. Hicho kiyoyozi hakina ugonjwa, mgonjwa ni weye."

"Kamvunjia mama chumba, Msabah."

"Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza. Hakujibu."

"Ulimuuliza mbele ya nani?"

Usi alianza kukaza parafujo moja ya kile kiyoyozi.

Siku ya pili yake, jua halijafika kichwani, simu yake ililia. Alikuwa mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usi, baba, nshakasirika basi, imetosha. Mkeo amekonda. Leo nimempitishia uji hata hakufungua mlango."

"Anaumwa?"

"Sijui. Mie nataka yaishe. Mwambie fundi akijenge tena kile chumba, na mie ntamuomba Kidawa akikubali. Wala usinunue mchanga, ntawachotea tena pwani kama mwanzo."

Usi alisimama.

"Kama mwanzo vipi, mama?"

"Ule ukuta wa kwanza nani kauletea mchanga? Si mie? Kwa ndoo yangu. Nilitaka nikupunguzie mzigo, mwanangu. Sikukwambia, nilitaka ufurahi ukija."

Mbele ya Usi kilikuwapo kiyoyozi cha hoteli, cha upande wa bahari, bati lake limeliwa na chumvi likawa kama kitambaa kibovu. Kila siku ya kazi yake alipigana na chumvi hiyo hiyo. Hakuhitaji kufafanuliwa.

"Mama, nakupigia sasa hivi."

Akampigia fundi.

"Fundi Ubwa, ule ukuta ulijengwa kwa mchanga gani?"

"Bwana Usi, mie nimeapishwa."

"Basi usiseme. Ntasema mie, weye nyamaza tu. Ulikuwa wa pwani."

Fundi akanyamaza.

"Na Kidawa alijua mama ndiye aliyeuleta."

Fundi akanyamaza tena. Usi alimsikia akipumua.

"Fundi, kimbia kwangu. Mwite na mama. Simu muifungulie sauti, nataka mashahidi. Usitembee, kimbia."

Fundi Ubwa, mtu mzima, alikimbia. Alifika anatweta, Bi Sichana nyuma yake anauliza kuna nini. Wakagonga mlango wa Kidawa. Kidawa alifungua kidogo, macho mekundu, kajitanda mtandio mpaka shingoni.

"Kidawa, unanisikia?" sauti ya Usi ilitoka kwenye simu ya fundi.

"Naam."

"Mama yupo, fundi yupo, wanasikia. Nimekurejea, Kidawa. Nimekurejea katika ndoa yangu. Nilikosa. Nimekurejea."

Bi Sichana alisema alhamdulillahi. Fundi akajifuta uso. Kidawa aliegemea kizingiti.

"Usi," alisema polepole. "Leo alfajiri sikusali."

 Bi Sichana alishika mdomo. Yeye ni mwanamke, alifahamu mara moja: hedhi ya tatu imeshafika, na eda imekwisha kabla ya jua kutoka. Usi alifahamu baada yake. Walisikia kitu kikianguka huko Paje, labda bisibisi.

"Saa chache tu," Usi alisema. Alikuwa analia. "Kidawa, saa chache tu."

"Ulikuwa na muda, Usi. Ulinijibu sawa."

Usi alipofika Uroa alimkuta kashavaa buibui, begi liko barazani, anamsubiri kaka yake aje kumchukua. Hakumsogelea, hakuwa na haki hiyo tena. Akakaa chini juu ya mawe yaliyovunjwa.

"Nikuoe upya."

"Kwetu Mwanakwerekwe unakujua."

"Nikija, utakubali?"

"Sijui."

"Unataka mahari gani?"

Kidawa alishusha sauti, kwa sababu Bi Sichana alikuwa karibu, anamfungia vitumbua vya njiani.

"Kijenge kile chumba. Kwa mikono yako, si kwa simu. Mchanga wa shamba. Na mama asiambiwe."

Usi aliacha kazi za Paje. Alimshikia fundi Ubwa mwiko kama mwanafunzi. Alimwaga maji juu ya magunia asubuhi na jioni, akafahamu mgongo wa Kidawa ulivyokuwa ukiuma. Kila alipomtumia Kidawa picha, hakupata jawabu. Mara moja tu aliandikiwa, "Tundu la hewa liko chini mno." Usi akalipandisha, akafurahi siku nzima.

Chumba kikakauka. Kaskazi ikaingia na joto lake.

Adhuhuri moja, Kidawa alisikia hodi mlangoni kwao Mwanakwerekwe. Akafungua, akamuona Bi Sichana peke yake, anahema, shuka limekunjwa kwapani.

"Shikamoo, mama. Umekujaje na jua hili? Kaa, kaa chini."

"Marahaba. Sikai. Jana mchana nimelala mle ndani. Hakuna feni, hakuna nini. Nimejifunika shuka hili."

Kidawa alitaka kucheka, machozi yakatangulia.

"Na jengine," Bi Sichana alisema. "Niliona gari inaleta mchanga wa shamba, nikajiuliza. Nikayaendea yale mawe ya zamani. Nimeyaonja, mwanangu."

"Mama, basi..."

"Nyamaza. Nyote mmeninyamazia, sasa nyamaza unisikilize mie. Umeachwa kwa ajili yangu, na uji wangu ukaunywa, na dawa ukaninunulia. Yule mwanangu ana haya ya kuja. Mie sina. Nimekuja kukuposa. Baba yako yuko wapi?"

Waliozwa Ijumaa, Uroa. Wanawake walijaa katika chumba cha Bi Sichana kwa sababu ndicho chenye baridi kuliko vyote, mapepeo yao wameyasahau mapajani.

Siku chache baadaye, jua la mchana likiwa limewaka, Usi alikuwa juu ya ngazi anafunga dirisha la mwisho. Kwenye simu ukaingia ujumbe. Aliyeandika alikuwa Kidawa, chumba cha mama, ukuta mmoja tu kutoka pale alipo Usi.

"Tuletee shuka la pili. Mama amelivuta lote."